Iringa hakuna magofu? Nilichosikia kwenye basi na nilichokiona Isimila na Kalenga

"Magofu Iringa? Si ungeenda Kilwa, kaka." Jirani yangu wa siti aliniambia hivyo tulipokuwa tunaiacha Makambako, na hakukosea sana. Anayetaka msikiti wa matumbawe au hekalu la nguzo za kuchongwa, Nyanda za Juu Kusini hatavipata. Ila nilisikia mengine mengi ya aina hiyo, kwa konda na kwa wazee wenye heshima zao, nikaamua siku moja ya kutembea kwa nauli ya kuungaunga iyapime.

La kwanza, kwamba Isimila, korongo lenye nguzo za udongo na zana za mawe za kale, haifikiki bila kukodi gari. Siyo kweli. Iko kama kilomita 20 kutoka mjini, kandokando ya barabara ya kwenda Mbeya; basi langu lilipita hapo jioni bila hata kupunguza mwendo. Nililala gesti, asubuhi nikateremka Ipogolo, nikadandia kosta ya Mafinga na kumwomba konda anishushe kwenye kibao. Kipande kilichobaki ni cha miguu, na bodaboda wapo kwa aliyechoka. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni.

Sasa tuje kwenye nguzo zenyewe za Isimila. "Zilichongwa na watu wa kale," wengi husema, na ukisimama chini yake huwezi kuwalaumu: zimepanga foleni korongoni kama minara, nyingine zimevishwa kofia juu. Lakini hakuna aliyezichonga. Hapo zamani palikuwa na bonde lenye maji ya kina kifupi, mchanga na udongo vikatuama tabaka juu ya tabaka. Baadaye maji ya mvua yakakata korongo humo ndani. Palipokuwa na tabaka gumu juu, udongo wa chini ulikingwa na kubaki umesimama. Pembeni yake kukasombwa. Ndiyo maana haifai kuzipanda wala kuzikwangua. Niliona majina ya watu yamechorwa kwenye moja, nikasikia aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeandika.

Mvua hiyohiyo ndiyo iliyofukua kilicho cha thamani zaidi, na hicho watu hukiruka kana kwamba ni kokoto: zana za mawe. Ziligunduliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia wakiongozwa na F. Clark Howell walichimba hapo. Vipimo vilivyotolewa miaka ya 1970 vilikadiria umri wa takriban miaka 260,000. Kwa hiyo yule aliyeniambia "hayo ni mashoka ya babu zetu Wahehe" aliruka muda mrefu mno: Wahehe waliunganishwa kuwa dola moja na Munyigumba, baba yake Mkwawa, yule mtemi aliyepigana na Wajerumani, katika karne ya 19. Na kwa kuwa tunayaita mashoka, watu huyatafutia mpini. Hayakuwa nao. Yalishikwa mkononi, yenye ncha upande mmoja, kwa kukata na kuchinjia. Palipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, jambo la kuchekesha kidogo ukiwa umesimama kwenye korongo kavu, koo limekauka, chupa ya maji imeisha.

Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, iko barabara nyingine, ile ya kwenda Ruaha, hivyo ilinibidi nirudi mjini kwanza. Nilipitia kwa mama ntilie, nikala ugali maharage, nikapanda daladala. Wanaodhani watakuta ngome imesimama kama ile ya Mombasa hushuka wakauliza, "Iko wapi?" Ilivunjwa. Wajerumani waliivamia tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Mkwawa kukiangamiza kikosi chao na kamanda wake Zelewski huko Lugalo. Leo ni kijiji cha watu wanaolima na kufuga, na jina la Iringa lenyewe latokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe.

Kwenye makumbusho ya hapo kijijini ndipo penye dhana inayoniudhi zaidi: kwamba Mkwawa alikamatwa akauawa. Hakukamatwa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi mwenyewe, na kichwa kikakatwa baadaye. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu, lakini halikurudi mpaka 19 Juni 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Kipimo dhaifu hicho, na wataalamu bado wanabishana kama ni lenyewe. Nililitazama kwenye kabati la kioo, nikamuuliza mzee mmoja nje anaonaje. "Mwanangu," alisema, "sisi tulimpokea babu yetu. Vipimo ni vya wazungu."

Sikuwa na jibu. Daladala ya mwisho ilikuwa inapiga honi barabarani, nikakimbia.