Mwenye shaka akae wapi?

Kijana mmoja aliingia ofisini kwangu Ganjoni, Mombasa, saa nane mchana, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, na maji niliyompa hakuyagusa. Alikuwa amerudi kutoka misheni, yaani utumishi wa kuhubiri injili, miaka miwili iliyopita. Alitoa simu, akaisukuma mezani ili nisome.

"Mama, hii iko kwenye tovuti ya Kanisa lenyewe. Mbona sikuambiwa?"

Ilikuwa makala ya 2013 kuhusu rangi na ukuhani, ile mamlaka ya kidini ambayo kwetu hupewa waumini wanaume wa kawaida. Mimi ni mshauri nasaha, na ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa ambao mtaani bado mnatuita Wamormoni. Kijana ameniruhusu niandike, na mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha.

Makala yenyewe haifichi. Mwaka 1852 Brigham Young, rais wa Kanisa wakati huo, alitangaza kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hawapewi ukuhani, na zuio hilo likadumu hadi Juni 1978. Katika miaka hiyo yote, weusi wake kwa waume walizuiwa pia kupokea ibada kuu za hekaluni. Kumbe kabla ya hapo, enzi za Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, mtu mweusi aitwaye Elijah Able alikuwa ametawazwa, mwaka 1836. Leo Kanisa linasema wazi kwamba linakataa nadharia zote zilizofanya ngozi nyeusi iwe alama ya laana. Kijana alikuwa ameyasoma haya mara nne. Swali lake lilikuwa moja: "Babu yangu angebisha hodi mwaka 1975, wangemwambia nini?"

Sikumjibu haraka. Maumivu ya namna hii ukiyapoza upesi, unamfundisha mtu ayafiche.

Hapa pwani tuna shida ya neno kabla hata hatujafika kwenye imani. Mtu akisema ana wasiwasi na dini, sikio la Mombasa linasikia waswasi, ule mnong'ono wa Shetani. Akisema ana mashaka, tunasikia taabu. Basi mwenye swali anaombewa kama mgonjwa, na swali lake linabaki palepale. Nimewaona waliofunga na kuomba mwezi mzima ili wasahau tarehe waliyoisoma kwenye simu. Tarehe haifutiki kwa kufunga. Omba, ndiyo, lakini soma pia, tena usome makala yote hadi mwisho.

Tena shaka la huku si sawa na la Utah, Marekani, kwenye makao makuu ya Kanisa. Kule, mwenye familia iliyomo kanisani vizazi vitano akiyumba, anaogopa kuipoteza familia hiyo. Huku Kenya Kanisa lilisajiliwa mwaka 1991, kwa hiyo wengi wetu ndio wa kwanza katika ukoo. Tuliondoka kwenye Uanglikana, Ukatoliki au Upentekoste huku mama analia na mjomba akisema tumeingia dini ya Wazungu. Sasa ukiyumba, hofu yako ni kurudi nyumbani ukute wanakungoja na lile "si tulikuambia?" Kijana wangu alikuwa amelala na siri hii miezi saba kwa ajili ya mjomba mmoja tu. Mshauri asiyelijua hili atamtibu mtu ugonjwa wa mwingine.

Mama mmoja aliniambia kwamba ndoa za wake wengi za Joseph Smith hazikumshtua hata kidogo, kwani babu yake mwenyewe alikuwa na wake watatu. Kilichomuuma ni kuzijua kupitia kwa jirani.

Kwa anayetaka kubaki, kazi yetu kubwa huwa ni kuupata ukweli anaoweza kuusema kwa mdomo wake. Jumapili ya kufunga, watu husimama kutoa ushuhuda, na karibu kila mmoja huanza na "najua". Ukikaa pale na moyo unaosema "sijui", unajiona mnafiki. Lakini fungua Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vyetu vitakatifu, sehemu ya 46: wengine wamepewa kujua, na wengine wamepewa kuamini maneno ya hao wanaojua. Vyote viwili vimehesabiwa kuwa vipawa. Alma 32, katika Kitabu cha Mormoni, inashuka chini zaidi, inaanza na mtu ambaye hana kitu ila hamu ya kuamini. Na yule baba katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa vilevile. Basi aliye na "natumaini" aseme natumaini. Asiazime "najua" ya mwenzake.

Viongozi nao tuwanukuu kwa uadilifu. Dieter Uchtdorf, mmoja wa viongozi wakuu wa Kanisa, alisema mwaka 2013 kwamba tuyatilie shaka mashaka yetu kabla ya kuitilia shaka imani yetu, na sentensi hiyo imegeuzwa fimbo. Katika hotuba hiyohiyo alikiri kwamba kuna nyakati waumini na viongozi wamekosea. Hiyo nusu huachwa.

Wengi huniuliza kama watafukuzwa. Kuwa na shaka hakumwondolei mtu uanachama. Linaloweza kumfikisha huko ni kulipinga Kanisa hadharani, kwa makusudi na kwa kurudiarudia, au dhambi nzito. Kibali cha kuingia hekaluni ni jambo jingine, kwa sababu unaulizwa maswali ya imani ana kwa ana, na mimi simshauri mtu yeyote adanganye pale. Mwambie kiongozi wako ulipofika. Hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, halihami. Ibada ya Jumapili haidai kibali.

Nilimsimulia kijana habari za Jane Manning James, mwanamke mweusi huru aliyetembea mamia ya maili hadi Nauvoo, mji wa waumini huko Marekani, mwaka 1843. Aliomba baraka za hekalu mara nyingi, akakataliwa. Mwaka 1894 wakamuunganisha na familia ya Joseph Smith kama mtumishi. Alikufa 1908 akiwa bado muumini. Sikumsimulia ili anyamaze. Nilitaka ajue kwamba swali lake lina mwenyewe wa zamani, aliyeliuliza akiwa ndani.

Wapo walioondoka baada ya kuzungumza nami, na wengine bado tunajuliana hali. Sitawafungia mlango wala kuwasema.

Yeye hajaondoka. Mwezi uliopita tulikutana barabarani jioni, muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe. Akatusogelea. Kijana akatikisa kichwa, akachukua kashata mbili, moja akanipa. Nikamuuliza kama bado analishika Neno la Hekima, sheria yetu inayokataza kahawa.

"Niliahidi, Mama," akasema. "Hilo nalijua. Mengine bado nayatafuta."

Jumapili iliyofuata nilimkuta amefika mapema, anapanga viti.