Moto wa methanoli hauonekani mchana

Saa sita mchana, jua la utosini, nilimimina methanoli kidogo, aina ya alkoholi ambayo sasa inatumika kuendesha meli, kwenye sinia la chuma uwanjani, nikaiwasha. Makadeti, wanafunzi wangu wa ubaharia, wakasubiri. "Mwalimu, haijashika," akasema mmoja, akasogea. Nikamzuia, nikamwambia atazame ukuta ulio nyuma ya sinia: ulikuwa ukitetemeka kama lami wakati wa joto kali. Moto ulikuwa pale pale, hauna moshi wala rangi.

Kijana yule ana cheti cha kuzima moto, na si mzembe. Macho yake yamezoea dizeli tu. Dizeli ikivuja huacha doa, na ikiungua moshi wake mweusi unauona ukiwa mbali. Mimi pia, miaka yote niliyokaa chumba cha injini melini, nimegundua hitilafu kwa kunusa na kupapasa. Methanoli haina doa, hukauka upesi, na mvuke wake hushika moto kuanzia nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Kwa joto la pwani yetu, iko tayari usiku na mchana. Ukiipiga kwa povu la kawaida, povu linavunjika. Lazima liwe lile linalostahimili alkoholi. Amonia, mafuta mengine mapya ya meli, nayo ni sumu kali, ikivuja kwenye chumba kilichofungwa hakuna muda wa kuulizana.

Meli zimeshaanza kutumia mafuta haya. Mwezi Julai 2023 nchi wanachama wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 5 ya nishati ya meli za kimataifa itokane na vyanzo visivyotoa gesi zinazopasha dunia joto, au vinavyokaribia hapo. Mwaka huohuo Laura Mærsk, meli ya makontena inayotumia methanoli, ilianza kazi. Utafiti wa 2022 wa DNV, kampuni ya kukagua ubora wa meli, ulikadiria kuwa hadi mabaharia 800,000 huenda wakahitaji mafunzo ya ziada kufikia katikati ya miaka ya 2030.

Kwa hiyo watu husema: ongezeni kozi. Kozi tunaweza kuongeza, ila fundo haliko darasani. Ili baharia apate cheti cha juu cha meli za gesi na mafuta yenye kushika moto upesi, STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka akae baharini mwezi mmoja kwenye meli ya aina hiyo na ashiriki kujaza mafuta mara 3. Mara 2 anaweza kuzifanyia kwenye simuleta, mtambo wa kuigiza kazi ya melini. Ile moja iliyobaki ni lazima awe melini, mkono kwenye valvu.

Meli hiyo ataipata wapi? Nyingi zinazofika Mombasa na Dar es Salaam bado zinachoma mafuta yaleyale ya zamani. Na wenye meli mpya wanataka mtu ambaye tayari amezifanyia kazi.

Kadeti wangu wa kwenye sinia amemaliza masomo, na hadi leo anatafuta meli. Kampuni ikija kwetu kutaka mabaharia, au serikali zetu zikikaa mezani na wenye meli, naomba swali hili liulizwe kabla ya lolote: kwenye meli zenu za methanoli, mna vitanda vingapi vya makadeti wetu?