Kwa nini piriton haitoshi mtu akizidiwa na aleji ya nyuki?

Miaka mingi niliamini mtu mwenye aleji aking'atwa na nyuki unampa piriton, analala, anaamka mzima. Hata baba mdogo alipong'atwa shambani Kibosho, mapele mwili mzima, midomo imevimba, mimi ndo nilikimbilia vidonge, na nilikosea kabisa.

Kifupi, mwili wake ulishakutana na sumu ya nyuki zamani ukatengeneza kingamwili aina ya IgE, zikajishika kwenye seli za masti, seli za kinga zilizojaa kemikali za aleji. Nyuki akirudi, seli zinamwaga kemikali ndani ya dakika chache.

Watu wengi tunadhani shida ni mapele, kumbe hatari iko kwenye mishipa ya damu. Waliokulia migombani wanaujua mfongo, maji yanatoka juu mlimani yamebanwa kwenye mfereji mwembamba ndo mana yanafika mpaka kihamba (shamba la migomba la nyumbani) cha mwisho kule chini. Sasa mfereji huo utanuke ghafla halafu kingo zitoboke kila mahali, maji ni yaleyale ila yanapotelea pembeni, na kihamba cha mwisho kinakauka. Mishipa ya damu nayo ndo inavyokua, inalegea, inavuja, na ndani ya dakika 10 tu, hadi asilimia 35 ya ujazo wa damu uliomo inaweza kuvujia kwenye nyama za mwili, moyo unaenda mbio lakini hauna cha kusukuma. Piriton inaziba tundu la ufunguo mmoja tu, wa histamini, ambayo ni moja ya zile kemikali, tena taratibu, na kemikali zingine zina milango yao. Muwasho utapungua, ila mfereji bado unavuja.

Adrenalini ndo inabana mishipa, inafungua njia ya hewa na kuzituliza zile seli. Inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mtu mzima miligramu 0.5, inarudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Majaribio ya kulinganisha waliochomwa na wasiochomwa hayapo, nani atamnyima mgonjwa? Tunachotegemea ni kumbukumbu za waliofariki, na wengi wao sindano ilichelewa au hawakuipata.

Na kitu kingine, sisi tulimsimamisha baba mdogo apande bodaboda. Hatari sana! Damu kidogo iliyobaki inashukia miguuni, moyo unaweza kusimama hapohapo. Alazwe chali miguu juu, au akae miguu imenyooshwa kama kupumua ni shida.

Zahanati walimchoma, dakika chache akaanza kuongea. Wakambakiza mpaka asubuhi, mana dalili zinaweza kurudi masaa kadhaa baadae hata kama hajang'atwa tena.