Udongo umechoka au umechafuka? Kufa hapana

Juzi nipo Mwanjelwa, Mbeya, nasubiri gari ya Chunya, jamaa pembeni anaelezea shamba lake lililopakana na karasha la zamani (mashine ya wachimbaji ya kusaga mawe ya dhahabu, ambako zebaki hutumika kuikamata dhahabu), anasema "udongo umekufa kabisa, metali nzito zimeua bakteria wote", wenzake wanatikisa vichwa. Hiyo kauli nimeisikia mara nyingi mno, leo acha niiguse.

Metali nzito ni zebaki, risasi, kadimi na wenzao, hata shaba na zinki zikizidi kiasi. Basi. Hilo "nzito" lisikuchanganye, maana dhahabu ina gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo na zebaki ina 13.5 tu, ila sijamsikia mtu akilia kwamba dhahabu imemharibia shamba. Mwaka 2002 mtaalamu John Duffus aliandika kwenye ripoti ya IUPAC, ule umoja wa wakemia wa dunia, kwamba jina lenyewe halina maana inayoeleweka na linapotosha. Jina zebaki tumelitoa kwa Waarabu, risasi pia, na kwao kama kwetu risasi ni metali na ni ile ya bunduki, labda ndo maana mtu akisikia risasi ipo kwenye udongo anawaza kuua tu.

Sasa kero yangu ni hilo neno kufa. Kiswahili kinaua vitu kirahisi sana, simu imekufa, gari limekufa, betri imekufa, na kesho yake fundi anafufua. Wazee wa Mbozi wao wana neno zuri zaidi, wanasema udongo umechoka, yaani umelimwa mahindi mfululizo mpaka rutuba imeisha, unaupa samadi, unaupumzisha, unapanda maharage, unarudi. Uliochafuka na metali sio huo. Metali haiozi wala haipumzishwi, na hakuna bakteria anayeweza kuila ikaisha.

Na bakteria hawafi wote, hapo ndo watu wanapoteleza. Zebaki ikiingia wengi wanakufa kweli, ila wapo wenye jeni za kuigeuza kuwa mvuke ikapaa hewani (imehama hiyo, haijaisha), hao wanabaki, wanazaliana kwenye nafasi iliyoachwa, baada ya muda ukihesabu vichwa unaweza kukuta idadi inakaribia ya zamani. Ila aina zimepungua na kazi nyingine hazina mtu, ni kama stendi imejaa wapiga debe watupu, dereva hayupo.

Mfano mzuri upo Woburn, Uingereza. Kuna shamba la majaribio walimwaga tope la maji taka lenye metali kuanzia 1942 mpaka 1961, miaka ya themanini watafiti wakakuta klova (jani la malisho, ndugu wa maharage) ina vinundu vyake kwenye mizizi, bakteria wamo ndani, ila ile kazi yao ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea hawaifanyi. Wapo kazini hawafanyi kazi. Ukitaka kuelewa ng'oa mharage wako ukiwa unaanza maua, pasua kinundu kwa kucha. Ndani kukiwa na rangi ya pinki kama nyama mbichi, wanafanya kazi. Kukiwa kweupe au kijani, hamna kitu. (Usikimbilie kulaumu zebaki lakini, hata ukizidisha urea mharage unadeka hivyohivyo.)

Na sio habari ya wachimbaji peke yao. Mrututu na dawa nyingine za shaba tunazopulizia kahawa kwa ajili ya kutu ya majani na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa), ile shaba inadondoka chini ya mbuni na inabaki palepale, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo kaka yangu wa Mwanjelwa, shamba lako halijafa, limechafuka, na bakteria wake sio wale wa zamani. Nakusahihisha kwa upole kwa sababu moja tu, ukishawaambia watu limekufa, siku mvua ikinyesha mchicha ukaota mzuri wa kijani pale kwenye marudio (ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa), wataona limefufuka, na watauchuma.