Je, wajua kwa nini trauti humeza unyoya wa jogoo?

Mtu aliyekulia Mwanza hahitaji kuambiwa kwamba samaki hupenda wadudu. Zipo siku, hasa mwezi unapoandama, ambapo wadudu wadogo wa ziwani hupaa kwa wingi kiasi kwamba anayewatazama kutoka Capri Point huweza kudhani kuna moto unaofuka moshi katikati ya maji. Usiku huizonga taa ya barazani, na asubuhi hufagiliwa kama pumba. Mabuu yao huishi majini na katika tope la chini, kisha hupanda juu kutafuta mabawa, na safarini humo dagaa huwala bila huruma.

Mkasa kama huo huwapata kadisi, wadudu wa mitoni ambao ni chakula kikubwa cha trauti, samaki wa maji baridi. Kadisi si nzi hasa, kwa kuwa ana mabawa manne yenye vinyweleo na udugu wake wa karibu ni kwa vipepeo. Akitua huyakunja mabawa hayo mgongoni mfano wa paa la nyumba. Wavuvi wa Ulaya na Amerika Kaskazini humwiga kwa kufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoano, bila chambo chochote kinacholiwa. Basi samaki mwenye macho makali vile hudanganywaje na kitu kisicho na nyama wala harufu ya nyama?

Hudanganywa kwa sababu hana muda. Katika maji yaendayo kasi, chakula humpitia trauti kwa kitambo kifupi mno, naye huamua kwa kutazama ukubwa, umbo na mwendo. Fundi mzuri, kwa hiyo, hahangaiki kuhesabu miguu ya mdudu. Huiga jambo moja au mawili ambayo samaki huyatambua upesi.

Mfano maarufu kuliko yote ni kadisi wa nywele za elki, aliyebuniwa na Mmarekani Al Troth mwaka 1957. Ndoano huvikwa kwanza mwili wa manyoya laini yaliyosokotwa kwenye uzi. Kisha unyoya wa shingo ya jogoo huzungushwa juu yake kutoka mbele kwenda nyuma, nao hukazwa kwa waya mwembamba ili meno ya samaki yasiukate mapema. Mwisho hufungwa kishungi cha nywele za elki, yaani kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, kikilala nyuma kama lile paa la mabawa. Ndani ya kila unywele mna vijishimo vya hewa, na hewa hiyo pamoja na unyoya wa jogoo humfanya mdudu huyu wa bandia aelee hata penye mawimbi. Ukimtazama kiganjani utamcheka, kwa maana anafanana zaidi na brashi kuukuu kuliko kiumbe. Lakini trauti humtazama kutoka chini, akiwa kivuli dhidi ya mwanga wa mbingu.

Mimi, hata hivyo, ningempa tuzo yule anayeiga pupa, yaani mdudu aliye katika hatua kati ya buu na mdudu kamili. Kwa bahati nzuri neno hilo kwetu lina maana ya haraka pia, na kadisi wa hatua hiyo kweli ana haraka: hutoka katika kifuko chake chini ya mto na kupanda juu kabla hajaweza kuruka, na hapo ndipo huliwa kwa urahisi. Mvuvi Gary LaFontaine wa jimbo la Montana, Marekani, alizama mtoni na mtungi wa hewa ili amwone kwa macho yake, akaamini kwamba kinachomvutia samaki ni mng'ao wa viputo vya hewa vinavyomzunguka mdudu. Akauiga mng'ao huo kwa nyuzi za kung'aa za aina iliyotumika kufumia mazulia.

Trauti waliletwa katika mito ya milima ya Kenya mwaka 1905, lakini Ziwa Victoria haliwafai, kwani maji yake huzidi nyuzi joto 20 mwaka mzima, nao huanza kutaabika hapo. Wavuvi wa huku hawajapata haja ya kumfunga mdudu kwa uzi. Anayemtaka sangara kwa ndoano humtegea samaki mdogo, na anayetaka dagaa huwasha taa juu ya maji katika usiku wa giza, wadudu na dagaa wakasogea wenyewe. Mbalamwezi ikirudi, mwanga wake hutapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi ikakosa mvuto, na mitumbwi ya dagaa hulala mchangani hadi giza lirejee.