"Kelele tu hizo": dhana potofu kuhusu albamu nzito na za majaribio

Kila Desemba wapenzi wa muziki mzito, yaani metali na jamaa zake, hubishana: albamu ipi imebeba mwaka, ipi imesifiwa bure, ipi imepita kimyakimya ilhali ilistahili kiti cha mbele. Mabishano hayo ni matamu na yana faida, maana mtu hutajiwa bendi asiyoijua na usiku huohuo akaanza kuitafuta. Mambo huharibika pale hoja zinapoegemea yasiyo kweli. Mengine husemwa na watu wasioupenda muziki huu, na hao nawaelewa. Yanayouma ni yale yanayosemwa na mashabiki wenyewe. Nachukua hapa ninayoyasikia mara nyingi, na mifano kadhaa naitoa katika mwaka 2024, mwaka uliotujalia kweli.

"Ni kelele, hakuna ufundi"

Mlio wa gita ambao leo tunauita mzito una historia inayojulikana. Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi hupiga gita kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatika ni vya mkono unaobana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Kufikia albamu ya tatu ya bendi yake, Black Sabbath, mwaka 1971, gita lake lilikuwa limeshushwa nusutoni tatu katika nyimbo kadhaa. Uzito ule mashabiki wanaousikia kifuani ulitokana na mtu aliyekaa na tatizo la vidole vyake mpaka akalipatia dawa.

Upande wa majaribio, yaani muziki unaovunja kanuni za kawaida kwa makusudi, mfano unaotajwa sana ni albamu ya mwanaroki wa Marekani Lou Reed ya mwaka 1975, *Metal Machine Music*: santuri mbili, zaidi ya saa nzima ya magita yanayolia yenyewe mbele ya amplifaya. Wengi waliirudisha dukani. Lakini mwaka 2002 kundi la wanamuziki wa Kijerumani, Zeitkratzer, liliipiga jukwaani kwa fidla, zeze kubwa na ala za kupuliza, baada ya kuiandika kwa nota. Kelele tupu haiandikiki hivyo. Si lazima uipende albamu ile, mimi mwenyewe siisikilizi mara kwa mara, ila hoja kwamba haina mpangilio ilishajibiwa kwa kalamu.

Kuhusu sauti ya kunguruma, wengi huamini mwimbaji anajichana koo tu. Anayefanya vibaya hujiumiza kweli. Anayejua kazi yake huitetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti zenyewe, pumzi akiitoa kwa kipimo kutoka tumboni, na ndiyo maana waimbaji wa aina hii wanazunguka dunia miaka ishirini bila kupoteza sauti. Wala mbinu hiyo haikuanzia kwenye magita. Wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini wana uimbaji wao uitwao umngqokolo, sauti nene inayounguruma kooni huku mlio mwingine ukisikika juu yake. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni mwanamume.

"Uzito ni kasi"

Hapa mashabiki wengi wapya hupotea. Wanaipima albamu kwa mwendo wa dramu, na ikienda polepole wanasema imelala. Mwaka 1987 bendi ya Napalm Death waliweka kwenye albamu yao ya kwanza wimbo usiofika hata sekunde mbili. Sawa, kasi ina nafasi yake. Lakini bendi ya Sunn O))) wa Marekani huacha mpigo mmoja wa gita uning'inie mpaka usikie chumba kizima kinatetemeka, na hakuna shabiki wa kweli anayethubutu kusema muziki wao ni mwepesi.

Na kwa msomaji wa Kiswahili, Sunn O))) wana jambo la kufurahisha zaidi. Katika albamu yao ya mwaka 2009, *Monoliths & Dimensions*, yuko mzee mmoja anayepuliza tromboni: Julian Priester. Huyu ndiye aliyekuwa katika bendi ya jazi ya mpiga piano Herbie Hancock iliyotoa albamu ya *Mwandishi* mwaka 1971, ambamo kila mwanabendi alijichukulia jina la Kiswahili. Hancock alikuwa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Eddie Henderson akawa Mganga, Billy Hart akawa Jabali. Priester alijiita Pepo Mtoto. Karibu miaka arobaini baadaye Pepo Mtoto anasikika kwenye albamu ya magita mazito kuliko zote za mwaka wake, ndani ya wimbo uliotungwa kumuenzi mwanajazi Alice Coltrane. Anayesema jazi na metali hazikutani aanzie hapo.

Kisha yuko Joseph Kamaru wa Nairobi, anayetumia jina la KMRU na anayeishi Berlin. Albamu yake ya 2024, *Natur*, ni kipande kimoja cha zaidi ya dakika hamsini, hakina dramu wala gita, kimejengwa kwa mivumo ya umeme na vifaa ambayo masikio yetu huiacha ipite. Mwaka huohuo alitoa *Disconnect* pamoja na prodyuza Kevin Richard Martin wa Uingereza, polepole, besi ikikandamiza. Babu yake, Joseph Kamaru aliyefariki mwaka 2018, ni yule mwanamuziki mkubwa wa nyimbo za Kikikuyu, na mjukuu ndiye anayeyatoa upya mafaili ya kazi zake. Zito na tulivu vinaweza kukaa nyumba moja.

"Ni muziki wa kishetani"

Nitasema wazi: kuna bendi zilizojitangazia hivyo, na huko Norway mambo yalivuka mipaka. Kanisa la mbao la Fantoft, Bergen, lilichomwa Juni 1992, na mwaka uliofuata mwanamuziki mmoja kijana wa metali ya huko alimuua mwenzake. Hayo ni makosa ya jinai na hayana utetezi. Kosa ni kuyafanya kuwa sura ya muziki wote. Geezer Butler, aliyeandika mashairi mengi ya Black Sabbath, alilelewa Mkatoliki, na kwenye albamu ile ya 1971 kuna wimbo wao unaomuuliza msikilizaji kama anaogopa kuonekana anamwamini Mungu. Tamasha lao la mwisho, Birmingham, Julai 2025, mapato yake yalikwenda kwa hospitali ya watoto, nyumba ya kuwatunza watoto mahututi na taasisi ya kutafuta tiba ya maradhi ya Parkinson. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, alifariki wiki mbili na siku chache baadaye.

"Si muziki wetu"

Hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu husemwa na watu wetu kwa vijana wetu, na kijana wa Nairobi au Kampala aliyevaa fulana nyeusi huambiwa anaiga Wazungu.

Black Sabbath walianza mwaka 1968 kama bendi ya bluzi, yaani wakipiga muziki wa Wamarekani weusi. Mwanzo wenyewe ni huo. Afrika nayo haikusubiri kualikwa: bendi ya WITCH ya Zambia ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972, gita limekwaruzwa vilivyo, Jagari Chanda akiimba mbele. Botswana ina bendi kama Overthrust na Skinflint, na mashabiki wake wanaovaa mavazi ya ngozi yenye misumari wamepigwa picha mpaka magazeti ya Ulaya yakachoka.

Turudi nyumbani. Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, waliokulia katika bendi za metali za jiji hilo, waliunda kundi la Duma. Walirekodi albamu yao Kampala mwaka 2019 na ikatoka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes. Humo gita la kasi limekutana na biti za kompyuta zilizopinda, na juu yake Khanja anapiga ukelele unaokufanya usimame. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa *The Adept* kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Albamu hiyo ameitolea heshima bibi mzaa babu zake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau na kufariki mwaka 2023. Sasa niambie, mtu anayeunguruma kwa ajili ya bibi yake aliyekaa msituni akipigania ardhi anamuiga nani?

Hata ule mkwaruzo wa sauti ambao watu hudhani ni wa magita ya Birmingham peke yake, Dar es Salaam tulikuwa nao kwa njia yetu. Kwenye mchiriku, muziki wa kucheza wa mitaa ya Dar, wapigaji walikuwa na kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, wakakiunganisha na amplifaya kuukuu na spika za honi. Mlio ulitoka umepasuka, ngoma zinakimbia chini yake, na mwimbaji anasimulia shida za uswahilini. Kundi la Jagwa Music waliufikisha Ulaya, lakini watu wa Dar walishaucheza mpaka asubuhi miaka mingi kabla. Kinshasa nako bendi ya Konono N°1 waliweka sumaku za vyuma chakavu vya magari kwenye likembe zao, ala zenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na mkwaruzo uliotoka wakaukubali ukawa ndio sauti yao. Albamu yao ya mwaka 2004 ilisifiwa na wapenzi wa muziki wa majaribio duniani kote.

"Singeli ni majaribio yaliyogunduliwa Ulaya"

Dhana hii imezaliwa ndani ya orodha za mwisho wa mwaka zenyewe. Tangu *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa singeli, itoke mwaka 2017, albamu za singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, zimekuwa zikiorodheshwa nje kati ya kazi za majaribio, zikikaa jirani na metali kali na muziki wa kelele wa Japani. Sipingi kuwekwa jirani, maana mapigo 200 hadi 300 kwa dakika ni mwendo unaotisha hata wapiga dramu wa bendi za kasi. Ninachopinga ni kudhani kwamba waliotengeneza walikuwa maabara.

Singeli ilitengenezwa Manzese, Tandale, Mburahati, kwa ajili ya vigodoro (sherehe za mitaani za usiku kucha) na harusi, watu wacheze. Prodyuza alichukua kipande cha taarabu, akakizungusha, akakikimbiza, MC akamwaga maneno juu yake bila kupumua. Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba walikuwa majina makubwa nchini bila msaada wa mhakiki yeyote wa London. Nyege Nyege Tapes, iliyoanzishwa Kampala na watu wawili wenye asili ya Ulaya, imefanya kazi nzuri ya kuzifikisha studio za Mburahati kwa dunia, na nawashukuru. Lakini mtangazaji si mtungaji. Sikiliza *Singeli Ya Maajabu* ya Sisso na Maiko, ya 2024: vinanda vinarushiana sauti za katuni, biti inakatika ghafla na kurudi, na katikati ya vurugu ile mchezaji wa kigodoro bado anajua mguu utue wapi. Ukiisikiliza kama fumbo la wasomi utakosa nusu yake.

"Tuzo na wahakiki wamekwisha amua"

Mwaka 1989 Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya roki ngumu na metali. Bendi ya metali ya Metallica walikuwa wanawania na albamu yao ya 1988. Ikapewa Jethro Tull, bendi inayojulikana kwa filimbi, na mwaka uliofuata waandaaji wakaigawa tuzo hiyo mara mbili. Wahakiki nao: albamu ya kwanza ya Black Sabbath, Februari 1970, ilipondwa na jarida la Rolling Stone. Orodha nyingi pia huchapishwa mwisho wa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo albamu ya Desemba huwa imeshindwa kabla haijasikika.

Mwaka 2024 orodha za nje zilielekea sana kwa *Absolute Elsewhere* ya bendi ya Blood Incantation wa Denver, Marekani, iliyorekodiwa studio ya Hansa, Berlin. Ni vipande viwili tu, kila kimoja kama dakika ishirini, metali ya kifo (death metal) ikiyeyuka na kuwa vinanda vya angani kisha inarudi na meno yake yote. Inawaumbua wanaosema siku hizi hakuna anayesikiliza albamu nzima, maana haikatiki. Ukiruka sehemu umepotea njia. Ni kazi kubwa na sibishi nafasi yake.

Ila mimi kwa 2024 naiweka *The Adept* juu yake. Blood Incantation wameunganisha kwa ustadi vitu viwili ambavyo tayari vilikuwa na mashabiki. Lord Spikeheart amewaita maprodyuza wa kila aina, karibu kila wimbo na sakafu yake, na sauti yake ndiyo pekee inayozishika zote zisianguke. Kuna mahali biti inazama kabisa, inabaki pumzi yake kwenye maikrofoni, halafu besi inarudi kabla hujajiandaa. Sijasikia albamu nyingine ya mwaka ule iliyothubutu kiasi hicho, na atakayenipinga aje na jina la albamu na dakika ya wimbo, tubishane vizuri.