Wafuasi elfu kumi hawanunui korosho

Wafanyabiashara wengi hapa Mtwara wanaamini kwamba bila maelfu ya wafuasi Instagram, mtandao hauwezi kuwaletea wateja. Wengine hufikia hatua ya kununua wafuasi. Inaniuma, kwa sababu hela hiyo ingenunua vifungashio.

Mfuasi wa kununuliwa mara nyingi ni akaunti tupu. Hata akiwa mtu kweli, yuko mbali, hawezi kushuka Mikindani jioni kula pweza wako. Tena programu hizi hupima watu wanavyoitikia: wafuasi wakikaa kimya, posti zako zinaweza kuonyeshwa kwa wachache zaidi. Umelipa ili ufichwe.

Anayeuza korosho za kubangua mjini anahitaji watu mia mbili walio karibu. Hapo WhatsApp ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, ila kuna jambo wengi hawalijui: stetasi yako humfikia mtu pale tu anapokuwa amehifadhi namba yako, nawe umehifadhi yake. Basi mteja akishalipa, mwombe aisevu namba yako pale pale kabla hajaondoka, nawe sevu yake. Stetasi hudumu saa 24 tu, kwa hiyo kila asubuhi weka picha ya mzigo wa leo, na bei. Bei iandikwe! Kuficha bei huwachosha watu, wakaenda kwa jirani.

Duka pia liandikishe Google Maps, ni bure. Mgeni aliyeshuka leo stendi hajui jina lako. Anaandika "korosho Mtwara" na kufuata ramani.